Mgeni Katika Nyumba ya Sufu

  

Leo nataka tupande mlima. Tuupande pamoja, pole pole, mpaka mahali ambapo nguzo za umeme zimeishia mbali nyuma yetu, mti hauoti, na nyumba zimefunikwa kwa sufu ya kondoo kuanzia ukutani hadi paani. Nataka tulale huko. Lakini kabla hatujaondoka, kuna neno moja ambalo nitalirudia katika mazungumzo haya, nanyi mnivumilie. Neno lenyewe ni hili: nyumba tunayokwenda kulala ni nyumba ya mtu, na mtu huyo yuko kazini.

Haya, twende. Tunakwenda Kyrgyzstan, nchi ya Asia ya Kati. Mashariki yake iko China, kaskazini Kazakhstan, magharibi Uzbekistan na kusini Tajikistan. Bahari hawana. Walikuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti hadi walipotangaza uhuru wao tarehe 31 Agosti 1991. Wengi wao ni Waislamu, kwa hiyo msikilizaji wa Lamu, wa Unguja au wa Ujiji, ukifika mlangoni kwao ukatoa salamu ya "Assalaam aleikum", utaitikiwa hapo hapo, na uso wa mwenyeji utafunguka.

Ukitoka Bishkek, mji mkuu, unasafiri kwa gari saa chache hadi mji mdogo wa Kochkor. Hapo ununue unachohitaji, maana mbele hakuna duka. Kisha barabara ya changarawe inaanza kupanda, inapinda na kupinda tena, inavuka mgongo wa mlima, halafu ghafla ardhi inatandazika mbele yako: bonde pana la nyasi, na katikati yake ziwa. Ndilo ziwa la Song-Köl. Liko mita 3,016 juu ya usawa wa bahari. Kwa ndugu zetu wa Moshi wanaoujua Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, hebu fikirini mahali palipo juu kidogo ya vibanda vya Mandara, lakini hamjafika Horombo. Sasa ondoeni msitu wote, ondoeni hata vichaka, mbakize nyasi na anga. Kando ya ziwa, mbali mbali, mnaona vitu vyeupe na vya kijivu, vya duara, vinavyotoa moshi. Hizo ndizo yurta. Ndizo nyumba tulizozifuata.

Mtu atauliza: kwani binadamu anafuata nini huko juu, penye baridi namna ile? Jibu ni nyasi. Majira ya baridi bonde lile lote hufunikwa na theluji, ziwa huganda, na njia za milimani hufungwa. Theluji ikiyeyuka, nyasi huchipua kwa nguvu, na ni nyasi tamu. Basi ifikapo mwezi wa Juni familia za wafugaji hupanda na kondoo wao, farasi wao, ng'ombe wao. Hukaa huko hadi Septemba, kisha hushuka kabla theluji haijawakuta. Malisho hayo ya kiangazi wenyewe huyaita jailoo. Miezi mitatu au minne tu. Katika miezi hiyo mfugo lazima unenepe, maziwa lazima yakamuliwe, na akiba ya mwaka lazima ipatikane. Ndiyo maana nasema, mtu huyo yuko kazini. Hajaja mlimani kupunga upepo.

Sasa tuingie kwenye nyumba yenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nyumba hii inastahili kuelezwa kwa utulivu.

Yurta ni nyumba inayohama. Zamani ilibebwa na farasi, ngamia na maksai, siku hizi hupakiwa kwenye lori. Watu wachache wenye uzoefu wanaisimamisha kwa saa chache. Ukuta wake umetengenezwa kwa fito nyembamba zilizopishanishwa na kufungwa kwa vipande vya ngozi mbichi kila zinapokutana. Hakuna msumari. Kwa kuwa kila kifundo kinacheza, ukuta mzima hukunjwa na kukunjuliwa kama yale mageti ya chuma ya kuvuta ya maduka ya zamani ya mjini. Ukiuvuta unarefuka, ukiusukuma unakuwa mzigo wa kubeba. Ukuta huo Wakirgizi wanauita kerege.

Kuta zikishazungushwa na mlango ukawekwa, kazi inayofuata ndiyo roho ya nyumba. Mwanamume mmoja husimama katikati na kuinua juu, kwa mti mrefu, duara la mbao. Duara hilo linaitwa tunduk. Yeye akiwa amelishikilia hewani, wenzake wanachukua fito ndefu za paa, zile ambazo wajenzi wa pwani wangeziita makombamoyo. Ncha moja wanaichomeka kwenye tundu la duara, ncha nyingine wanaifunga juu ya ukuta. Moja upande huu, nyingine upande wa pili, hadi zinatimia kadiri ya sitini na kitu kwa yurta ya kawaida. Kisha mti wa katikati unaondolewa, na duara linabaki limesimama lenyewe huko juu.

Linasimamaje bila nguzo? Swali zuri. Kila ufito unalisukuma duara kutoka upande wake, na kwa kuwa zinasukuma kutoka pande zote kwa nguvu sawa, duara linabanwa katikati na halina pa kuangukia. Lakini fito hizo hizo zinausukuma ukuta kwa nje. Ukuta ungefumuka. Ndipo unapoona mkanda mpana uliofumwa, umezungushwa juu ya ukuta na kukazwa sawasawa. Mkanda huo ndio unaozuia nyumba nzima isifunguke. Mhandisi yeyote aliyesoma mambo ya mvutano na mgandamizo, akiuona, ataelewa mara moja aliyeubuni alijua anachofanya. Na umbo la duara lina faida nyingine: upepo wa mlimani, ambao ni mkali kwelikweli, haupati ukuta mpana wa kuupiga. Unapita kando.

Juu ya mifupa hiyo ya mbao huja mavazi. Kwanza mkeka wa mabua, mara nyingi yamevingirishiwa nyuzi za sufu za rangi hadi yakatoa mapambo. Kisha sufu yenyewe. Msidhani ni kitambaa kilichofumwa. Ni sufu ya kondoo iliyopigwa kwa fimbo hadi ikachambuka, ikatandazwa juu ya mkeka, ikamwagiwa maji ya moto, ikakunjwa, ikakanyagwa, ikaviringishwa tena na tena mpaka nywele zake zimeshikana zikawa kitu kimoja kizito. Hewa iliyonaswa ndani ya sufu hiyo ndiyo inayozuia baridi isiingie na joto lisitoke. Mafuta ya asili ya kondoo yanasaidia maji ya mvua kuteleza. Mchana jua likiwaka wanainua sufu ya pembeni, upepo unapita. Mvua ikinyesha, kipande cha sufu kinavutwa kwa kamba na kulifunika lile duara la juu.

Kazi ya mbao kwa desturi ni ya wanaume, kazi ya sufu ni ya wanawake. Kuna kijiji kinaitwa Kyzyl-Tuu, upande wa kusini wa ziwa kubwa la Issyk-Kul, ambacho kinajulikana kwa ufundi huu. Huko mti hulainishwa kwa mvuke na kupindwa, na ufundi hurithishwa kutoka mzazi hadi mtoto. Mwaka 2014 UNESCO iliuingiza ufundi wa kutengeneza yurta za Wakirgizi na Wakazaki katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Miaka miwili kabla yake, ufundi wa mazulia ya sufu ya Wakirgizi uliingizwa katika orodha ya mambo yanayohitaji kulindwa haraka. Na kama mna bendera ya Kyrgyzstan karibu, itazameni. Nyekundu, katikati jua la manjano, na ndani ya jua lile kuna duara lenye mistari iliyopishana. Ni tunduk. Taifa zima limechora paa la nyumba ya mfugaji kwenye bendera yake. Mimi jambo hilo linanigusa sana.

Basi wasikilizaji, tumeshaiona nyumba. Sasa tuishi ndani yake. Bila umeme wa gridi, bila bomba. Tutapikaje? Tutaota moto wa nini?

Nimesema hakuna miti. Kwa hiyo hakuna kuni wala mkaa. Kuna samadi. Kinyesi cha ng'ombe na kondoo kinakaushwa kwa jua la kiangazi, kinapangwa nje ya yurta, na ndicho kinachotiwa kwenye jiko la chuma lenye bomba la moshi. Kinawaka vizuri, kinatoa joto la haraka, na harufu yake ni ndogo kuliko unavyofikiri. Lakini hakikai sana. Usiku wa manane jiko limepoa. Hata mwezi wa Julai maji yaliyoachwa nje yanaweza kuganda kabla ya alfajiri, na theluji inaweza kuanguka katikati ya kiangazi. Ndiyo sababu utaona rundo la mifarishi ya pamba limepangwa juu ya sanduku, limefika karibu na paa. Ni mapambo, ni utajiri wa nyumba, na usiku mifarishi inateremshwa, unatandikiwa miwili mitatu chini na kufunikwa mingine juu. Ukilala katikati ya hiyo, na sufu imezunguka pande zote, hutatetemeka. Ila kuna jambo moja la usalama. Jiko likiwa linawaka, usiombe pale juu pazibwe pote kwa kuwa unasikia baridi. Moshi na hewa yenye sumu lazima vipate pa kutokea. Mwenyeji anajua anachofanya. Mwachie.

Taa? Siku hizi familia nyingi zina paneli ndogo ya sola na betri. Inawasha balbu moja, labda inachaji simu moja. Sasa wewe mgeni ukifika na simu mbili, kamera na kompyuta, ukachomeka zote, umewanyima wenyeji taa ya jioni. Beba betri yako ya akiba na tochi yako. Maji yanatoka kijitoni au chemchemi, yanabebwa kwa ndoo, na ya kunywa yanachemshwa. Choo ni cha shimo, kiko mbali kidogo na nyumba. Taka za plastiki ulizokwenda nazo, rudi nazo. Hakuna gari la taka linalopita pale, na ziwa lile ni ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar tangu mwaka 2011. Ndege wa porini huja kutaga hapo.

Na chakula? Hapa ndipo utaona jinsi watu wanavyoweza kuishi bila jokofu na wasipungukiwe. Maziwa ya ng'ombe yanatolewa malai mazito. Mengine yanachachushwa, yanakamuliwa maji, yanatiwa chumvi, yanafinyangwa vidonge vidogo na kuanikwa juani hadi vikawa vigumu. Vidonge hivyo, kurut, vinakaa miezi na miezi. Mchungaji anaweka mfukoni, anamung'unya siku nzima. Kuna mkate, kuna siagi, kuna jemu, kuna vipande vya unga wa ngano uliochachuka vilivyokaangwa kwa mafuta, ambavyo humwagwa kwenye kitambaa cha chakula mbele ya mgeni kwa wingi, ishara ya neema. Na kuna nyama ya kondoo, kwa sababu mgeni akija kondoo huchinjwa ikiwezekana.

Kinywaji chenyewe cha jailoo ni kymyz, maziwa ya farasi yaliyochachushwa. Mnajua farasi jike hawezi kuhifadhi maziwa mengi kwa mara moja? Kwa hiyo anakamuliwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana kutwa. Watoto wa farasi hufungwa kwenye kamba ndefu iliyotandazwa chini, na kila ukamuaji mtoto huletwa kwanza anyonye kidogo ili mama aachie maziwa. Kisha maziwa yanamiminwa kwenye chombo cha ngozi au pipa na kukorogwa kwa mchi mamia ya mara. Ukiwa mgeni, ukaona mama wa nyumba amenyanyuka katikati ya maongezi akatoka nje, usidhani amekuchoka. Saa ya farasi imefika. Kymyz ni kali, ina uchachu, na ina kilevi kidogo kinachotokana na kule kuchachuka. Anayejizuia na kilevi aseme mapema, kwa upole, mkono kifuani. Hatalazimishwa, ataletewa chai.

Nyumba ya mtu ina utaratibu wake. Ndani ya yurta hamna vyumba, lakini kila mahali pana maana. Ukiingia, upande wa kulia ni wa wanawake: vyombo, unga, maziwa. Upande wa kushoto ni wa wanaume: matandiko ya farasi, hatamu, vifaa vya uwindaji. Katikati ni moto. Na mkabala na mlango, ng'ambo ya moto, ni mahali pa heshima, panaitwa tör. Hapo hukaa mzee, na hapo hukalishwa mgeni. Usikanyage kizingiti. Usipite juu ya kitambaa cha chakula. Mkate usiulaze kifudifudi wala usiuache chini. Mama akikuletea chai kwenye bakuli dogo ikiwa nusu tu, usione ni uchache. Anakutilia kidogo ili akutilie tena na tena. Kukujazia mpaka juu kungekuwa namna ya kukuaga. Na mkimaliza kula, mzee atafungua viganja, ataomba dua fupi, wote mtasema "omin" na kupangusa nyuso. Ndipo mnaponyanyuka.

Nilipokaa kwenye nyumba ya namna hiyo, kitu kilichonishangaza hakikuwa mandhari. Mandhari ni mazuri, tena mazuri sana. Kilichonishangaza ni kwamba katika chumba kimoja kisicho na ukuta wa ndani, watu wa vizazi vitatu waliishi, wakapika, wakalala, wakapokea wageni, na hakuna aliyemgonga mwenziwe. Kila mtu alijua upande wake na saa yake. Nyumba ilikuwa imewafundisha.

Nirudi nyuma kidogo katika historia, maana kuna watu wanaodhani maisha haya yamekuwa vivyo hivyo tangu enzi na enzi. Hayakuwa hivyo. Katika miaka ya 1930 utawala wa Kisovieti uliikusanya mifugo kwenye mashamba ya pamoja na kuwalazimisha wafugaji wanaohamahama wakae vijijini. Wengi waliona bora wachinje mifugo yao kuliko kuikabidhi. Baadaye wachungaji waliruhusiwa kupanda malishoni, lakini kama waajiriwa wa mashamba ya serikali. Kisha Umoja wa Kisovieti ukavunjika, mashamba yakagawanywa, watu wakauza au kula kondoo wao ili waishi. Katika miaka michache kondoo wa nchi walipungua kwa zaidi ya nusu. Malisho ya mbali yakabaki matupu. Wazee waliojua kusimamisha yurta walikuwapo, lakini vijana waliondoka kwenda Bishkek, na wengine wakaenda Urusi kutafuta kazi.

Kurudi kwao malishoni kulichangiwa na mambo mengi, na moja ni wageni. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa msaada wa shirika la Uswisi liitwalo Helvetas, familia za vijijini zilianza kujipanga katika vikundi vya kupokea wageni, na Kochkor palikuwa miongoni mwa mahali pa mwanzo. Kikundi kinapanga bei, kinagawa wageni kwa zamu, na fedha nyingi inabaki kwa mwenye nyumba. Mwaka 2009 ikaja sheria ya malisho: ardhi ya malisho ikabaki mali ya taifa, lakini usimamizi wake ukawekwa mikononi mwa kamati za wanaoitumia. Haikumaliza ugomvi wote wa malisho, hakuna sheria inayoweza. Lakini inatambua kwamba anayejua nyasi ni yule anayezifuata. Wenzetu wa Kenya, mlio na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016, nadhani mnaisikia sauti ya jamaa hapo.

Kwa hiyo mgeni anayelipia usiku wake kwenye yurta ya familia anachangia kitu cha kweli. Ukipata nafasi, chagua familia. Zipo kambi za yurta zilizojengwa kwa ajili ya watalii peke yao, zimepangwa mstari, na mwenye mali yuko mjini. Siwakatazi watu kwenda huko. Ila mimi nikiulizwa, nasema lala kwa wenye mifugo. Na kwenye nyumba ya mtu unaulizia kabla ya kupiga picha, unajitolea kubeba ndoo, unakula kilichopo.

Ushauri kuhusu afya, na hili nalisisitiza. Mita 3,000 si mchezo kwa mtu aliyetoka Tanga, Mombasa au Maskati. Kila pumzi inakupa kama asilimia 70 tu ya oksijeni uliyoizoea usawa wa bahari. Lala kwanza usiku mmoja au zaidi mahali pa chini kidogo, Kochkor kwa mfano. Ukifika juu, siku ya kwanza usikimbie wala usipande vilima. Kunywa maji. Kichwa kikiuma kidogo, pumzika. Kikiuma sana, ukatapika, ukaanza kuyumba au pumzi ikakata hata umekaa, shuka. Usisubiri asubuhi ukidhani utazoea. Mwenye ugonjwa wa moyo, wa mapafu, au mama mjamzito aonane na daktari kabla hajakata tiketi. Na jua la kule linaunguza hata kukiwa na baridi. Kofia na mafuta ya kukinga ngozi ni lazima, hata kwetu wenye ngozi nyeusi.

Wasikilizaji wetu mlioko Marekani mtaniambia: hata huku kuna yurta. Kweli, zipo. Mwalimu mmoja wa huko, Bill Coperthwaite, alisoma makala kuhusu Mongolia katika jarida la National Geographic mwaka 1962, akavutiwa, na tangu hapo akaanza kujenga nyumba za duara za mbao kwa kufuata wazo hilo. Leo ukienda kwenye milima ya Colorado utakuta yurta za turubai zilizofungwa juu ya jukwaa la mbao, za kulala watelezaji wa theluji. Ni mahali pazuri pa kulala. Lakini zile hazihami, na hakuna aliyezaliwa ndani yake. Nazitaja ili tusichanganye.

Na sasa nifike nilikokuwa nakwenda. Je, sisi hatuna nyumba za namna hii?

Tunazo. Wagabra na Warendile wa kaskazini ya Kenya, na Wasomali wafugaji, wana nyumba za kuba zinazobebwa na ngamia. Miti ya kupinda, mikeka iliyofumwa kwa nyuzi za mimea, ngozi, kamba. Anayeimiliki ni mwanamke. Yeye ndiye anayeijua, anayeifungua, anayeipakia, anayeisimamisha upya jioni mahali papya. Bibi harusi huondoka kwao na nyumba iliyotengenezwa na mama yake na ndugu zake wa kike. Msomi Labelle Prussin aliandika kitabu kizima juu ya nyumba hizo za wafugaji wa Afrika, kikachapishwa mwaka 1995. Ni elimu ile ile niliyoiona kando ya Song-Köl: namna ya kuzuia upepo, namna ya kutumia kilichopo, namna ya kugawa nafasi ndogo ili watu wengi waishi kwa heshima.

Lakini sisi tunaziitaje? Wangapi kati yetu tumepita Marsabit au Wajir, tukaziona kando ya barabara, tukasema "vibanda"? Wangapi tumehesabu kwamba mtu asiyekaa kwenye bati na saruji hana nyumba? Wakirgizi nao waliambiwa hivyo kwa miongo mingi. Leo wameweka paa hilo hilo kwenye bendera. Nasema tena, kwa mara ya mwisho leo: ni nyumba ya mtu. Nyumba kamili, yenye hesabu, yenye ufundi, yenye mwenyewe.

Kwa hiyo nina ombi. Ninyi mnaosikiliza mkiwa Marsabit, Moyale, Garissa, Mandera, na ninyi mlio mbali lakini mama au bibi yenu alilelewa kwenye nyumba ya mikeka, mkae naye jioni moja. Simu zenu zina kinasa sauti. Mwombeni ataje kila ufito, kila mkeka, kila fundo la kamba, kwa jina lake na kwa kazi yake, na aseme ni mti gani unaofaa na unakatwa majira gani. Walimu wa usanifu majengo wa Nairobi na Dar es Salaam, wapelekeni wanafunzi wenu wakamtazame mwanamke akiisimamisha nyumba yake kuanzia mwanzo hadi mwisho, na wampe malipo kama wanavyomlipa mhadhiri mgeni. Wengi wa wanaojua majina hayo yote sasa ni wazee. Tafadhali anzeni wiki hii.